Mkwe wa Mkaguzi

Mshona mapazia huingia katika nyumba za watu zaidi kuliko daktari. Daktari huitwa mtu akiugua, tena siku hizi mgonjwa ndiye anayemfuata. Mshona mapazia huitwa mtu akihamia, akioa, akipaka rangi, au akigundua kwamba jirani wa ghorofani anamwona akila. Hupanda kiti, hunyoosha futi yake juu ya dirisha, na akishakuwa huko juu wenye nyumba humsahau. Wataendelea kununiana na kupatana kana kwamba yeye ni sehemu ya ukuta.

Huyu ninayemsimulia aliyaona mengi akiwa juu ya viti vya watu, na ya wateja wake hakuyatoa nje. Hilo nampa bila kulipunguza. Mtu aliyekufungulia mlango ili umpimie dirisha hajakufungulia ili ukamtangaze. Alilijua hilo, akaliheshimu. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba nyumbani kwake mwenyewe sheria hiyo haimhusu.

Alifanyia kazi zake katika chumba cha mbele. Cherehani ilikaa karibu na dirisha, na katikati palikuwa na meza ndefu ya kukatia, ambayo ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya miguu ya mbao. Mumewe, fundi wa friji, alikuwa ameutengeneza hivyo mwenyewe, akasahau kuliziba tundu la kitasa, kwa hiyo kila siku mkasi, chaki au bobini ya uzi ilitumbukia humo ikaangukia chini. Saa ya chakula cha mchana, pasi ikiwa bado inapata moto, mshonaji alivuta kiti, akashika simu, akaandika. Alikuwa na tovuti ndogo aliyoiita Upindo.

Mwanzoni aliandika ushauri. Jinsi ya kufua pazia zito lisinywee, kwa nini upindo wa chini uwe mpana, namna ya kupima dirisha lisilo mraba. Ulikuwa ushauri mzuri, na haukusomwa na mtu. Kisha siku moja, baada ya mama mkwe wake kuja kuwatembelea, aliandika habari ya mwanamke aliyeingia nyumbani kwa mwanawe na, kabla hata hajaitikia salamu, akapitisha kidole juu ya friji na kukitazama. Alimpa mwanamke huyo jina la Mkaguzi. Jioni ya siku hiyo wasomaji walikuwa wamejaa, wanataka kujua kidole kilikuwa na nini.

Basi ikawa ndiyo kazi. Kila mchana Mkaguzi alifanya jambo. Alifunua sufuria na kuikunjia uso. Alinusa mataulo kabatini. Alitandua kitanda kilichotandikwa, akakitandika upya, akasema, “Sasa hapa mtu anaweza kulala.” Mshonaji alikuwa mwerevu, akambadilisha umbo. Mama mkwe wake wa kweli alikuwa mnene, mfupi, mwenye sauti ya upole kabisa. Mkaguzi wa mtandaoni alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mkoba usiobanduka kwapani na sauti ya bati linaloburutwa sakafuni. Mwanawe hakuwa fundi wa friji, alikuwa muuza duka, na mkwe wake hakushona chochote. Kwa nje hapakuwa na njia ya kumtambua mtu. Yale matendo tu ndiyo yalikuwa ya kweli, yote, yakichotwa kwenye ziara za miaka iliyopita.

Ninayataja haya kwa sababu wengi wetu tunadhani tukishabadilisha jina na urefu wa mtu, tumemheshimu. Tumejificha sisi wenyewe tu.

Wasomaji wa Upindo walijuana kwa majina ya kujipachika. Kulikuwa na Mpishi wa Shule, aliyesoma akisubiri sufuria yake kubwa ichemke. Kulikuwa na Dereva wa Lori, aliyeapa kwamba huegesha pembeni kwanza ndipo asome. Kulikuwa na Baba Pacha, aliyejua habari zote kabla hazijatokea. Na kulikuwa na mmoja aliyejiita Shuka Nyeupe, aliyeandika kwa herufi kubwa mwanzo hadi mwisho na hakumpenda Mkaguzi hata kidogo. “HUYU MWANAMKE HANA ADABU,” aliandika. “KIDOLE CHAKE AKIPITISHE KWAKE.” Mshonaji alikuwa akicheka peke yake akiyasoma, sindano ikiwa midomoni, jambo ambalo ni la hatari.

Kisha goti la mama mkwe likaharibika. Lilipasuliwa hospitali, na daktari akasema asikae peke yake mpaka atakapoweza kupanda ngazi bila kushikwa. Fundi wa friji alimleta nyumbani jioni, begi mkono mmoja, mama mkono wa pili.

“Ni wiki chache tu,” alimnong’oneza mkewe mlangoni.

“Nimesikia,” akasema mama yake kwa ile sauti ya upole. “Goti ndilo bovu. Masikio ni mazima.”

Nasikitika kusema kwamba furaha ya kwanza ya mshonaji haikuwa ya kumpokea mgonjwa. Aliona Mkaguzi amemjia mpaka sebuleni, na habari za mwaka mzima zimeingia na begi. Asubuhi ya kwanza tu, mama mkwe alikuwa ameshakagua kikombe kwa kukiinulia kwenye mwanga. Mshonaji akahisi vidole vinamwasha.

Tatizo ni kwamba hakuweza kuandika. Kiti pekee kilicholifaa goti lile kilikuwa kile cha karibu na dirisha, mbele ya meza ya kukatia, na hapo ndipo mama alipokaa kutwa. Ukimwandika mtu aliye umbali wa mkono mmoja, macho yake yanakuwa mazito. Siku ya kwanza aliahirisha. Siku ya pili mama mkwe alichoka kukaa bure, akasema, “Nipe sindano, mwanangu. Mikono yangu haijafanyiwa upasuaji.”

Alipewa upindo wa pazia la chumba cha kulia. Aliushona kwa mkono, kushona kusikoonekana upande wa mbele, na alishona kwa kasi huku akihadithia. Alikuwa amefanya kazi maisha yake yote katika stoo ya nguo za wagonjwa kwenye hospitali kubwa, akisimamia mashuka, mataulo na mapazia ya wodi. Alisimulia habari za daktari aliyefungiwa stoo kwa sababu alikuja kuchukua shuka bila kusaini. Mshonaji alicheka mpaka akapindisha mshono. Na fundi wa friji aliporudi, akala, akaiacha sahani mezani, mama yake alimwita arudi.

“We baba, sahani hiyo ina miguu?”

“Mama, nimechoka.”

“Mwenzako ameshinda ameinama kwenye cherehani. Yeye amepumzika? Toa sahani.”

Akaitoa. Katika ndoa yao yote hakuwahi kuitoa.

Baada ya hapo mkono wa mshonaji ukakataa kabisa. Kila alipokaa kuandika kwamba Mkaguzi amefanya hili au lile, aliona ule upindo ulionyooka na ile sahani ikielekea jikoni. Alianza sentensi akaifuta. Mwisho akaacha. Upindo ikanyamaza, bila neno la kuaga.

Hapo namlaumu tena. Kunyamaza kulikuwa haki yake, na pengine ndiyo mara ya kwanza dhamiri yake ilifanya kazi. Lakini aliyewazoesha watu kumsubiri kila mchana alipaswa kuwaambia wasisubiri. Sentensi moja ingetosha.

Wasomaji hawakuachiwa hata hiyo moja, wakajitungia zao. Kwanza walibisha hodi kwa upole: “Mwandishi, leo vipi?” Kisha wakawa wanarudi kila mchana kwenye habari ileile ya mwisho, ile ya Mkaguzi na ndoo ya takataka, wakaacha maneno chini yake kama watu wanaokutana kwenye kibaraza cha duka lililofungwa. Mpishi wa Shule alisema tangu Upindo inyamaze chakula kimekuwa hakina ladha na watoto wameanza kulalamika. Dereva wa Lori alisema sasa anaegesha pembeni na hana sababu. Mmoja alianza kuzisoma habari za zamani kutoka mwanzo na kuzitolea maoni kana kwamba zimetoka leo, akawachanganya wenzake. Mwingine akatunga habari yake ya Mkaguzi, mbaya sana, akazomewa akaondoka.

Baba Pacha ndiye aliyeleta taharuki. “Huyu dada amefariki,” aliandika. “Nina uhakika.” Alipoulizwa uhakika ameutoa wapi, alisema mtu mzima hanyamazi hivi hivi. Watu wakaanza kutoa pole. Wengine wakambishia kwamba hajafa, ameolewa. Mmoja akawakumbusha kwamba mwandishi asingekuwa na mama mkwe kama hajaolewa. Wakakubaliana juu ya jambo moja: Mkaguzi amegundua, na amemnyang’anya simu.

Walikuwapo pia wasio na haya. “Umetuzoesha halafu unatuacha, we ni mtu gani?” Mtu ambaye husikii lolote kutoka kwake zaidi ya kudai, akiyasema hayo kwa mwanamke asiyemjua, kuhusu kitu alichopewa bure, anahitaji kulelewa upya. Lakini walikuwa wachache. Wengi walikuwa na wasiwasi wa kweli, na mshonaji aliyasoma maneno yao bafuni, mlango ukiwa umefungwa, akaona aibu mbili: ya kuwanyamazia hao na ya kuwa aliwahi kumsema mama mkwe wake.

Mchana mmoja alikuwa anakata kitambaa, na mama mkwe alikuwa amevaa miwani anahangaika na simu yake.

“Mwanangu, hebu njoo. Hii simu imenigomea. Naandika, haitumi.”

Mshonaji alifuta chaki mikononi akaenda. Kwenye kioo cha simu ile aliona rangi aliyoichagua yeye mwenyewe, jina alilolitunga yeye mwenyewe, na habari ya ndoo ya takataka. Chini yake palikuwa na kisanduku kilichojazwa herufi kubwa tupu. Na juu ya kisanduku, jina: Shuka Nyeupe.

“Mama,” alisema. “Mbona unaandika kwa herufi kubwa?”

“Ndivyo tulivyokuwa tunaandika kwenye mashuka. Ukiandika kwa herufi ndogo likienda kufuliwa halirudi.” Alimtazama juu ya miwani. “Unaijua tovuti hii?”

“Nimewahi kuiona.”

“Basi una bahati mbaya, umeiona wakati imekufa. Ilikuwa ikinichekesha mpaka majirani wakadhani nina mgeni. Kuna mwanamke humo anaitwa Mkaguzi. Nakuambia, mwanangu, ni wifi yangu mtupu! Ule urefu, ule mkoba! Yeye na kunusa nusa vitu vya watu. Mimi ningekuwa mkwe wake ningemfungia nje mvua inanyesha.”

“Ee,” alisema mshonaji.

“Sasa yule binti anayeandika amenyamaza. Nahisi wamemfanyia kitu. Hebu kaa hapa, niandikie wewe, vidole vyangu vinabonyeza mbili mbili. Sema hivi: Mwandishi, tunakuombea. Umeandika?”

“Nimeandika, mama.”

“Kama huyo Mkaguzi amekukataza kuandika, tuambie. Sema, wapo watu wazima hapa watakaokuja kuzungumza naye. Umeandika ‘watu wazima’?”

“Nimeandika.”

“Na uongeze, asikubali kuonewa. Tuma.”

Akatuma. Simu yake mwenyewe, iliyokuwa chini ya kitambaa mezani, ikalia.

“Pokea simu yako,” alisema mama mkwe.

“Si ya haraka,” alisema mshonaji.

Jioni hiyo alimbana mumewe jikoni na kumweleza. Fundi wa friji alisikiliza, akaelewa taratibu, kisha akashika sinki kwa mikono yote miwili akacheka bila sauti mpaka mabega yakatikisika.

“Kwa hiyo,” alisema alipopata pumzi, “mama anamchukia mama?”

“Usicheke. Nitamwambia.”

“Umwambie nini? Thubutu! Mama ana furaha. Goti linapona. Unataka kumwongezea ugonjwa wa moyo? Andika tu kwamba Mkaguzi amehamia mbali, yameisha.”

“Nimdanganye tena?”

“Basi mfanye afe. Kwa amani, usingizini.”

“Nimuue?”

“Hapana, hapana,” alisema akiwa amezinduka. “Usimuue mama yangu.”

Ushauri wa fundi wa friji ndio ushauri wa nyumba nyingi, na huitwa hekima. Mtu ana furaha, mwache na furaha yake. Lakini furaha ya mtu anayechekwa bila kujua si yake, ni ya wale wanaojua. Mshonaji aliliona hilo, na kuliona hakukumpunguzia hofu. Alikuwa na mama mkwe aliyemwita mwanangu, aliyemtetea mbele ya mumewe, aliyekaa naye dirishani wakishona na kucheka. Akisema, huenda hayo yote yakaisha kwa sentensi moja, na asiweze kuyarudisha.

Alisema siku walipokuwa wanakunja mapazia ya ukumbi wa mikutano. Mapazia ya namna hiyo hayakunjiki na mtu mmoja. Mmoja hushika pembe mbili huku, mwingine pembe mbili kule, wanavuta mpaka kitambaa kinyooke, wanakunja, kisha wanasogeleana kukutanisha ncha. Mama mkwe alikuwa ameshaanza kusimama bila fimbo. Wakavuta.

“Mama,” alisema mshonaji, kitambaa chote kikiwa katikati yao, “Mkaguzi ni wewe.”

“Ni mimi nini?”

“Ni wewe. Si wifi yako. Na anayeandika ni mimi.”

Mama mkwe hakuachia pembe zake. Alimtazama mkwe wake, kisha akalitazama kabati la mataulo, kisha friji iliyokuwa ikionekana kupitia mlango wa jikoni. Uso wake ulikuwa ukifanya hesabu.

“Kunja,” alisema.

Wakakunja. Wakasogeleana, ncha zikakutana, mikono yao ikagusana. Alilichukua lile pazia, akalilaza mezani, akalipiga kiganja likalala sawasawa. Kisha akaenda chumbani kwake polepole, akishika ukuta.

Chakula cha jioni alisema ameshiba. Kesho yake alikaa kwenye kiti chake dirishani, lakini sindano hakuigusa na hadithi hakutoa. Alijibu alipoulizwa, kwa ile sauti ya upole ambayo sasa ilikuwa mbaya kuliko bati lolote. Fundi wa friji alitembea kwa ncha za vidole na kukisifia chakula kwa nguvu mno. Alitoa sahani yake, ya mkewe na ya mama yake, akaosha hata ambazo hazijatumika. Haikusaidia. Mshonaji alishona huku machozi yakitaka kudondokea hariri ya mteja. Siku hiyo hakuomba asamehewe mara mbili. Aliomba mara moja, akanyamaza, na hapo alifanya vizuri, kwa sababu anayeomba msamaha kila baada ya dakika huwa anadai.

Siku iliyofuata, chai ikiwa haijapoa, mama mkwe alivaa miwani.

“Njoo hapa na simu. Fungua ile ya taulo.”

Mshonaji akafungua.

“Soma.”

Akasoma, kuanzia Mkaguzi anafungua kabati hadi anaingiza pua kwenye taulo kama mtu anayetafuta kitu kilichokufa. Asubuhi ile haikuchekesha hata kidogo.

“Nilinusa kweli?”

“Ulinusa, mama.”

“Kwa nini nilinusa? Umeandika wapi kwa nini?”

“Sikuandika.”

“Kwa sababu hukujua. Na hukujua kwa sababu hukuniuliza.” Alivua miwani. “Wakati wa mvua nguo za wodi hazikauki. Siku moja nilitoa taulo likiwa bado na unyevu, nikaona si kitu. Likafungwa mtoto mchanga. Mtoto akatoka vipele mwili mzima. Alipona, lakini mama yake alinitazama, na wala hakusema neno. Tangu siku hiyo nanusa. Nanusa kwako, nanusa kwa wifi yangu, nanusa hotelini. Siwezi kuacha.”

“Nisamehe, mama.”

“Sijafika huko. Kitanda?”

“Ulitandua, ukatandika upya.”

“Pembe hazikuwa zimekunjwa. Kidole juu ya friji?”

“Ulipitisha kabla hujaitikia salamu.”

Mama mkwe alifikiri. “Hapo sina la kujitetea,” alisema. “Ila vumbi lilikuwepo.”

Alitazama nje kidogo. Alipozungumza tena, upole ulikuwa umerudi kuwa upole.

“Unajua kilichoniuma? Uongo hukusema. Ningekamata uongo ningefurahi. Kilichoniuma ni kwamba nilicheka. Nimemcheka mtu miezi yote hiyo, nikamtukana kwa herufi kubwa, kumbe najitukana mwenyewe. Watu wote wale wananionaje?”

“Wanakupenda, mama. Wanalia urudi.”

“Wanampenda yule mwembamba. Mimi hawanijui.” Akajiweka sawa kitini. “Sasa sikiliza. Umenisema mbele ya watu nikiwa sipo. Na mimi nitasema mbele ya watu hao hao, wewe ukiwepo. Nitasema, wewe utaandika. Hutabadilisha hata neno moja.”

“Hata moja, mama.”

“Hata likikuuma.”

“Hata likiniuma.”

Hivyo ndivyo Upindo ilivyofunguka tena. Mama mkwe alitamka, mshonaji akaandika, pasi ikaachwa mpaka ikajizima. Naiweka hapa sehemu yake, kama ilivyotoka.

“Mimi ndiye Mkaguzi. Sina mkoba na si mrefu. Mimi ni mnene na goti langu limepasuliwa. Mwandishi ni mkwe wangu, mzima, hajafa, na simu yake sijamnyang’anya. Alinisema bila kunipa nafasi na amekiri. Sasa nasema mimi. Nanusa taulo kwa sababu taulo bichi linaumiza mtu, na habari yake nitawapa. Kutandika kitanda nitawafundisha, kwa sababu nimesoma humu na naona wengi wenu hamjui. Mkwe wangu ni mchapakazi. Lakini anatia chumvi kwa kukisia. Anaacha pini kwenye viti, na moja nimeikalia mimi nikiwa mgonjwa. Akiulizwa jambo huku ana simu anaitikia ‘ee’ kwa kila kitu, hata ukimwambia nyumba inaungua. Juu ya friji bado hapajafutwa. Na Shuka Nyeupe pia ni mimi. Yale niliyomwambia Mkaguzi nayafuta, na wenzangu mliomtukana naomba mfute yenu.”

Mshonaji aliandika habari ya chumvi bila kuinua uso. Kwenye pini alinong’ona, “Hukuniambia kama ulikalia pini,” akajibiwa, “Andika.” Kisha akatuma.

Mpishi wa Shule alikuwa wa kwanza. “Sufuria imeungua kwa ajili yenu na sijali,” aliandika. Dereva wa Lori alisema ameegesha, amesoma, amepiga honi peke yake barabarani mpaka mtu akamuuliza kama amepata mtoto. Baba Pacha alisema, “Nilisema mimi! Nilisema hajafa!” Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkumbusha. Wakafuta matusi yao mmoja mmoja, ikawa chini ya habari za zamani pamejaa nafasi tupu. Kisha wakaanza kuuliza. Shuka la manjano linarudije kuwa jeupe? Pembe ya kitanda inakunjwaje? Na ni kweli pini ilikuwa imesimama?

Mshonaji hakuachwa salama. Wengi walimwambia wazi kwamba wamemcheka bibi wa watu kwa sababu yake na hawakufurahia kugundua. Aliyasoma yote, hakujibu kwa kujitetea. Yalikuwa yake.

Siku chache baadaye wote wawili walikuwa dirishani. Mshonaji alikuwa kwenye cherehani, mama mkwe alikuwa na simu, miwani kwenye ncha ya pua, akisoma maoni kama msimamizi anayepita kati ya vitanda. Mara akaguna. Palikuwa na mgeni, mtu ambaye hawajawahi kumwona humo, aliyeandika kwamba mkwe wa namna hii ni nyoka aliyefugwa ndani, na kwamba yeye angekuwa ndiye Mkaguzi angemrudisha kwao siku hiyo hiyo, na cherehani yake kichwani.

Mama mkwe hakumsomea. Aliinama juu ya simu akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja, akafuta, akabonyeza tena, akipumua kwa nguvu. Mshonaji alidhani anajibu swali la madoa. Kisha simu yake mwenyewe, iliyokuwa mezani, ikalia, akaacha kushona, akaangalia.

“Huyu ni mkwe wangu,” ilisema. “Nikimsema, namsema mimi, tena ananisikia, na jioni tunakula pamoja. Wewe wa wapi? Kwako umetandika kitanda?”

Aliyasoma mara mbili. Alitaka kusema kitu, akainua macho. Mama mkwe alikuwa ameshaiweka simu chini na kuuchukua upindo wa pazia, anashona, anatazama nje kana kwamba hakuna kilichotokea.

“Mbona cherehani imenyamaza?” aliuliza.

“Nilikuwa nasoma, mama.”

“Utasoma tukimaliza. Mwenye mapazia yuko njiani, na upande wako bado.”